Haki ya kulea watoto haibaki kijijini

Mzazi akikimbia vita anaacha shamba, mbuzi na nyumba. Haki yake ya kulea watoto anatoka nayo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, haikuandikwa kwa ajili ya wenye nyumba peke yao.

Kipengele cha 40 kinasema kutunza na kulea watoto ni haki ya asili ya wazazi, tena ni wajibu wao, nao wanautimiza chini ya mamlaka ya serikali na kwa msaada wake. Hapo penye msaada ndipo viongozi wengi wanaruka. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, Ituri na hata Kivu ya Kaskazini, wazazi wanaambiwa kila mara: chungeni watoto wenu, wasizurure sokoni, wasichana wasitoke usiku. Ni maneno ya kweli. Lakini baba anayelala na watoto saba chini ya shitingi moja, bila shamba, atamzuia kwa kitu gani kijana wa miaka 14 anayeahidiwa chakula na kundi lenye silaha? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kuingiza vitani yeyote aliye chini ya miaka 18. Kuwakamata wanaoivunja si kazi ya baba huyo.

Kipengele cha 43 kinampa mzazi haki ya kuchagua elimu ya watoto wake, na shule ya msingi ya serikali ni ya bure na ya lazima. Achague nini, ikiwa madarasa ya karibu wanalala humo wakimbizi wenzake?

Lipo pia jambo la vyeti, ambalo halisemwi sana. Mtoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, mzazi anatumwa mahakamani. Mama aliyejifungua kambini, na ofisi ya kwao imefungwa kwa sababu ya vita, siku hizo zinaisha akitafuta unga na kuni.

Wako nao wazazi wanaosema “mtoto ni wangu” ili wampige mpaka damu, au wamfukuze kwa kuwa mchungaji fulani amemwita mchawi. Hao Katiba haiwatetei. Kipengele cha 41 kinakataza wazi kumtesa mtoto, kumtupa na kumsingizia uchawi, hata kama familia imepata misiba mitatu mfululizo.

Serikali ikisema haina pesa za kujenga shule leo, angalau la vyeti halihitaji jengo. Afisa anayeandikisha watoto aje kambini siku moja kwa juma na daftari lake. Meza moja chini ya mti inatosha, na akina mama watapanga mstari tangu alfajiri.