Mfuko wa kuzuia mate

Mfuko wa kuzuia mate ni kitambaa cha wavu ambacho polisi au askari magereza humvika mahabusu kichwani ili asiwatemee mate wala kuwauma.

Wanaoutetea husema kwamba unawakinga askari dhidi ya magonjwa. Wapinzani hujibu kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate, na kwamba mfuko ukiloa damu au matapishi unaweza kuziba pumzi huku ukificha uso wa mtu anayezidiwa.

Nchini Australia mjadala ulipamba moto mwaka 2016, televisheni ya ABC ilipoonyesha kijana wa Northern Territory amefungwa kwenye kiti na kuvikwa mfuko huo. Mwaka huohuo Wayne Fella Morrison, mahabusu Mwaborijini aliyekuwa bado hajahukumiwa, alifariki mjini Adelaide baada ya kufungwa, kuvikwa mfuko na kulazwa kifudifudi garini.

Mwaka 2021 South Australia lilikuwa jimbo la kwanza nchini humo kuupiga marufuku kwa sheria. Polisi wa shirikisho waliacha kuutumia mwaka 2023. Northern Territory, kinyume chake, ilirudisha ruhusa ya kuwavika vijana mwaka 2025.