Nani Aweza Kumwondoa?

Ndugu wanachama, watu wakitaja mtawala mwema hutaja ukarimu, elimu na nasaba. Sisi twauliza: akipotoka, nani aweza kumwondoa?

Sayyidna Abubakar aliposhika ukhalifa, mwaka 632, aliwataka watu wamsaidie atendapo haki na wamnyoshe apindapo. Nasi tufanyao biashara huku bara, Buhongwa karibu na Mwanza, tumeikuta fikra hiyo kwa Wasukuma, ambao hawakuipata vitabuni mwetu. Mtemi wao wa kale alichaguliwa na wazee waitwao banang'oma, na wazee hao hao waliweza kumvua utemi. Hata mvua ikikosekana aliulizwa yeye. Hukumu nzito, kwani mvua ni ya Mwenyezi Mungu.

Akaja Mwingereza. Kwa sheria ya 1926 mtemi akawa mtu wa serikali, mla mshahara, na neno la mwisho likawa la Bwana Shauri, si la wazee. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, nguvu ya banang'oma ilikwisha pungua zamani.

Basi katika mkutano mkuu wetu, viongozi wa chama na watusomee hesabu kwanza, ndipo tuwapigie kura.