MAONI: Ukiuziwa Subaru ya zamani ambayo haijaguswa, tafadhali iache hivyo

Kuna gari linauzwa Nakuru, na kwa sababu yake kakangu mdogo hajanisemesha vizuri kwa wiki mbili sasa.

Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999. Nambari yake inaanza na KAT, kwa hivyo unajua ilifika hapa zamani kidogo. Mwenyewe ni mhandisi mstaafu, majirani humwita Injinia tu, na ndiye aliyeiagiza kutoka Japani. Tangu siku hiyo hajabadilisha chochote ila vitu vinavyochakaa: tairi, breki, mikanda, betri, oili. Rimu ni zile zile. Viti ni vile vile. Ekzosti ni ile ya kiwandani. Hata redio ni ya Kijapani, ile inayokomea 90 FM, na nusu ya stesheni zetu haizishiki.

Kakangu ana miaka 24. Ameweka akiba, na sacco yake imekubali kumwongezea. Tukaenda kuliona Jumamosi moja asubuhi. Injinia akafungua boneti, akatoa faili nzito yenye risiti za sevisi za karibu miaka ishirini, akaanza kutueleza moja baada ya nyingine. Kakangu akavumilia risiti tatu, kisha akauliza: "Injinia, hii ekzosti nikiikata, gari italia aje?"

Mzee akafunga faili. Akafunga boneti pia, polepole. "Kijana wangu," akasema, "wewe hujakuja kununua hii gari. Umekuja kununua bodi yake."

Tukarudi Nairobi kimya. Tulipofika Gilgil akaniuliza kama nilikuwa upande wake au wa mzee. Nikamwambia ukweli. Ndiyo maana hanisemeshi.

Sasa nakuandikia wewe, kwa sababu najua si kakangu peke yake. Kila msimu wa Safari Rally barabara ya Naivasha hujaa vijana na Subaru zao, na ukisimama kando ya njia kwa saa moja utaona kila aina ya ukarabati: zilizoshushwa hadi zinakwaruza lami, zilizotobolewa boneti, zilizopakwa rangi tatu, zinazotoa mlio wa bunduki kila dereva anapoachia mafuta. Zile ambazo hazijaguswa unaweza kuzihesabu kwa vidole. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Tuanze na hesabu rahisi. Sheria yetu hairuhusu kuagiza gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Impreza ya aina hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, na kizazi chake cha kwanza kikakoma kuundwa mwaka 2000. Piga hesabu mwenyewe. Mlango ulifungwa kitambo. Zile zilizo Kenya leo ndizo zote tutakazokuwa nazo. Ukikata springi za moja, hakuna meli iko njiani kuelekea Mombasa na nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Na si sisi tu tunaozitafuta. Marekani, gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia hata kama halikuundwa kwa kufuata kanuni zao za usalama. Ndiyo maana tangu magari ya Kijapani ya miaka ya tisini yaanze kufikisha umri huo, Wamarekani wamekuwa wakiyanunua kule Japani na bei zimepanda. Muulize yeyote anayefuata minada hiyo ni gari gani linalogombaniwa zaidi. Atakuambia ni lile ambalo liko jinsi lilivyotoka kiwandani.

Lakini tuache pesa kwanza. Hebu tuongee kuhusu kitu unachotaka kubadilisha.

Unataka mlio? Ule mngurumo wa Subaru unaokusisimua haukubuniwa na fundi wa mtaani. Injini yake imelala, pistoni zake zinaenda kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka, na mabomba yanayotoa moshi kwenye injini yana urefu usiolingana. Mngurumo unatoka hapo. Umo ndani ya gari la Injinia tayari, ila hauwaamshi watoto wa jirani. Ukikata ekzosti unaongeza kelele tu.

Unataka nguvu? WRX ya kwanza kabisa ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 240 kutoka kwa injini ya lita mbili. Miaka michache baadaye STI ikafikisha 280, kiwango ambacho kampuni za magari za Japani zilikuwa zimekubaliana kutokipita. Magari ya Japani ya enzi hiyo yalifungiwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Hapa kwetu gari la kibinafsi haliruhusiwi kupita 110 hata kwenye barabara kuu. Sasa nguvu nyingine unaongeza ya kwenda wapi?

Tena kuna jambo mafundi wengi hawakuambii. Injini hizi ziliundwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani. Super ya kawaida ya hapa iko chini ya hiyo. Ukiongeza shinikizo la turbo huku petroli ni ile ile, mafuta yanaanza kulipuka ndani ya mitungi kabla ya wakati wake, na pistoni ndizo zinazopigwa nyundo. Kwa muda fulani gari litakuwa tamu ajabu. Halafu siku moja halitakuwa.

Nayajua haya kwa sababu niliharibu moja mwenyewe.

Mwaka 2014 mjomba wangu, macho yakimsumbua na usiku hawezi tena kuendesha, aliniachia WRX yake ya 1997 kwa bei ya kindugu, nilipe polepole. Nilikuwa na miaka 23 na nilijiona mfalme. Wiki ya kwanza nikakata ekzosti. Mwezi wa pili nikakata springi. Mwezi wa nne fundi mmoja akaniongezea shinikizo la turbo kwa nusu siku, nikamlipa, nikamshukuru sana. Mwezi wa saba, tukipanda kutoka Naivasha tukielekea Limuru, konrodi ikatoboa injini ubavuni. Oili yote ikamwagika barabarani. Nikaiuza vipande vipande: milango huku, taa kule, gia boksi kwa mtu wa Thika. Deni la mjomba nililimaliza miaka miwili baada ya gari kwisha.

Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na ile ekzosti yake ya kwanza uliiweka wapi?" Nilikuwa nimeiuza kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kilo.

Kwa hivyo Injinia alipofunga boneti ile Jumamosi, mimi nilikuwa nimeshajua anamaanisha nini.

Najua utaniambia nini. Kwanza, gari ni la mtu na pesa ni zake. Kweli kabisa, na sheria ikuruhusu au isikuruhusu, sitakuja kwako usiku na spana. Pili, utaniambia kwamba kugeuza gari ni sanaa yetu. Hapo nakubaliana nawe hata zaidi. Mimi hupanda nganya nikiwa na haraka na nikiwa sina haraka, kwa raha tu. Vijana wanaozichora, wanaozitia taa na muziki na viti, ni wasanii, na kazi hiyo inalisha familia. Sitaki kusikia mtu akiita hiyo uharibifu.

Lakini angalia wanaanza na nini. Nganya huanzia kwenye chesisi ambayo kesho utapata nyingine kama hiyo. Hakuna kinachopotea, kuna kitu kinaongezwa. Ukitaka kujifunza kushusha gari, kubadilisha rimu, kufunga spoila na kucheza na rangi, magari yamejaa: Vitz, Demio, Corolla, hata Impreza za juzi zisizo na turbo. Chukua moja, ichezee utakavyo, ukikosea utapata nyingine. Ninachokuomba ni kwamba usijifunzie kwenye ile moja iliyobaki.

Kuna sababu nyingine inayonigusa mimi binafsi. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, ikashinda tena mwaka 2000 chini ya Richard Burns. Patrick Njiru wetu alijulikana nchi nzima akiwa ndani ya Subaru. Mashindano yalipoondoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002 hadi yaliporudi 2021, watoto waliozaliwa katikati walibaki kusimuliwa. Siku mwanao atakapokuuliza gari lililokuwa likipita kwenye vumbi lile lilifananaje mtu wa kawaida akilinunua, ningependa uwe na moja la kumwonyesha, na si picha kwenye simu.

Basi, ukipata nafasi ya kununua gari kama la Injinia, fanya hivi.

Nenda asubuhi, na umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haijui kudanganya. Soma nambari ya chesisi: WRX za saloon za kizazi hicho huanza na GC8. Ikianza na kitu kingine, huenda ni Impreza ya kawaida iliyovishwa nguo za WRX. Linganisha nambari hiyo na ya logbuku, herufi kwa herufi. Piga magoti uangalie ekzosti kama ina alama za kuchomelewa. Chungulia chini ya dashibodi. Nyaya zilizokatwa na kufungwa kwa selotepu zinasimulia mengi kuliko muuzaji. Uliza risiti. Kama kuna kitu kilibadilishwa, uliza kile cha asili kiko wapi. Na usitoe hata shilingi kabla ya kuhakikisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA.

Baada ya hapo jikague wewe. Kampuni nyingi za bima hazitaki kulipa gari la umri huo bima kamili, kwa hivyo siku ya ajali uko peke yako. Vipuri vya asili si rahisi kupata, hata ukizunguka Grogan siku nzima. Kama pesa zako zote zitaishia kwenye bei ya kununua, bado hujafikisha. Na ukifikiria kuchukua mkopo kwa logbuku ya gari hilo hilo, mwachie mwingine. Nimeona magari mazuri yakiishia kwenye yadi za mnada kwa ajili ya deni la miezi mitatu.

Na kama lazima ubadilishe kitu, badilisha kile kinachoweza kurudi. Rimu zinafunguliwa kwa boliti. Redio pia, hata mimi ile ya Injinia ningeibadilisha, mtu ana haki ya kusikiliza habari. Ila funga ile ya zamani kwenye kitambaa, iweke kwenye sanduku, na sanduku liende na gari siku utakapoliuza. Kila kinachohitaji msumeno au moto wa kuchomelea, acha.

Jumapili iliyopita kakangu alinipigia simu. Hakunisalimia vizuri, lakini alipiga. Alitaka kujua kama nina nambari ya Injinia. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kumuuliza kuhusu risiti ambazo hakumwacha amalize kusoma.

Gari bado linauzwa. Sijui kama mzee atamkubalia, na sijui kama pesa zake zitatosha. Na kama wewe ndiwe utafika Nakuru kabla yake, sawa, ni biashara. Ila usianze na ekzosti.