Kitanzi Kitolewe Zahanati

Katika vijiji vya Milima ya Uluguru, kama katika sehemu nyingine nyingi za nchi hii, wako akina mama wanaoulizana kwa sauti ya chini iwapo kitanzi cha uzazi kinaweza kutolewa nyumbani. Swali hilo halistahili kuchekwa wala kukemewa. Mama anayeuliza amekwisha kupima mwendo wa kuteremka hadi zahanati, matope ya masika, nauli ya pikipiki, na siku nzima ya shamba itakayopotea. Pengine amekwisha kwenda mara moja akarudishwa.

Kitanzi ni kipande kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa waya wa shaba, na chenye nyuzi nyembamba zinazotokeza kwenye mlango wa mfuko wa uzazi. Mtaalamu huzishika nyuzi hizo kwa koleo safi na kuzivuta taratibu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, haihitaji dawa ya usingizi, na huweza kufanywa siku yoyote ya mwezi. Wepesi huo ndio unaowafanya wengi wafikiri kwamba kidole na ujasiri vinatosha.

Havitoshi. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliojaribu kujitoa kitanzi wenyewe, aliyefaulu alikuwa kama mmoja tu katika kila watano, na hao walikuwa kliniki, mtaalamu akiwa karibu. Ni kweli kwamba hawakupatikana na madhara makubwa, na haifai kuwatisha akina mama kwa uongo. Lakini kule mlimani hakuna mtaalamu mlango wa pili. Nyuzi huteleza, hukatika, au hujikunja zikarudi ndani. Kitanzi huweza kushuka nusu kikakwama, kikaleta maumivu na kisizuie mimba tena. Hatari iliyo kubwa zaidi huja pale jirani au mkunga anapoitwa kusaidia kwa chombo chochote kilichopo, kwani hapo ndipo yanapoingia majeraha, kutokwa damu na maambukizo. Aidha, mama aliyekosa siku zake huku ana kitanzi asikiguse kabisa. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye homa, maumivu makali ya tumbo au damu nyingi.

Hata hivyo, ingekuwa unafiki kuishia kumwonya mama peke yake. Kwa nini anafikia kujivuta mwenyewe? Mara nyingi ni kwa sababu mlango wa kuwekewa kitanzi ni mpana kuliko mlango wa kutolewa. Timu ya huduma za mkoba hufika kijijini na gari, huweka vitanzi, kisha huondoka. Zahanati inayobaki huenda haina aliyefunzwa kuvitoa. Mahali pengine mama huambiwa avumilie kwa kuwa kitanzi chaweza kukaa miaka 10 au zaidi, kana kwamba muda wa chombo ni kifungo cha mvaaji. Wapo hata wanaoagizwa warudi na ruhusa ya mume. Urasimu wa namna hii ni kichekesho kikubwa zaidi Uluguru kuliko penginepo, maana kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi pia hurithiwa kwa njia hiyo. Mwanamke anayejua shamba la ukoo wake liko wapi anatakiwa barua kwa ajili ya mwili wake!

Watumishi wa umma wa Morogoro wanayo historia ya kujifunzia. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kuchimba matuta kwa amri, bila ya kusikiliza waliosema udongo na nguvu zao haviruhusu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ule ukaachwa. Kuhifadhi udongo halikuwa jambo baya. Ubaya ulikuwa katika kumfanya mwananchi kitu cha kuamriwa. Uzazi wa mpango nao, ambao UMATI imeutumikia nchini tangu mwaka 1959, utakataliwa na wale wale unaokusudia kuwasaidia iwapo mama ataona kwamba akiingia hawezi kutoka. Anayenyimwa kutolewa leo huwasimulia wenzake kisimani kesho, na hakuna bango litakaloshinda masimulizi hayo.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati. Basi halmashauri zihakikishe kwamba timu haiweki kitanzi mahali ambapo hakuna wa kukitoa, na kwamba kadi ya mama inaandikwa wazi jina la kituo atakachokwenda siku akitaka. Mganga aruhusiwe kumuuliza mama sababu ili amtibu, kwa mfano kama hedhi imezidi, jambo ambalo kwa wengi hupungua baada ya miezi michache. Asimuulize ili amzuie. Walimu, ambao katika vijiji vya Mgeta, Matombo na Kinole husikilizwa hata na wasio na mtoto shuleni, waeleze jambo hili katika mikutano ya wazazi, akina baba wakiwapo.

Gharama ya koleo na vifaa vya kuchemshia katika zahanati moja haifiki posho za semina moja ya wilaya.