Je, Lupita angekulia Moshi?

Kila Lupita Nyong'o anapotoka na filamu mpya, huku kwetu tunarudia hadithi ileile: Oscar ya mwaka 2014, lile gauni la bluu, "dada yetu wa Afrika Mashariki". Sawa. Mimi nataka turudi nyuma zaidi, alipokuwa na miaka 14.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, akarudi Kenya angali mchanga, akakulia Nairobi. Akiwa na hiyo miaka 14, Phoenix Players, kikundi cha maigizo cha palepale mjini, kilimpa nafasi ya Juliet kwenye Romeo and Juliet. Wadau, hapo ndipo pa kutazama. Haikuwa ngonjera ya kufurahisha wazazi siku ya mahafali. Hili ni jukwaa la watu wazima, na binti wa shule kabebeshwa mchezo!

Mengine yalifuata taratibu. Alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener iliyotoka 2005, akaonekana kwenye Shuga mwaka 2009, akahitimu Yale 2012. Baada ya Oscar angeweza kukaa Hollywood akahesabu hela. Badala yake mwaka 2015 alirudi jukwaani New York na Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake kwenye vita vya Liberia. Mchezo huo alikuwa mwigizaji wa akiba tangu akiwa Yale, 2009. Mtu wa namna hiyo alionjeshwa jukwaa mapema.

Najua mtaniambia baba yake ni profesa na mwanasiasa. Kweli, na Yale si ya mtoto wa muuza ndizi wa Mbuyuni. Lakini Phoenix ilikuwepo kwanza. Hata mtoto wa profesa hawezi kuigiza kwenye kikundi ambacho hakipo.

Sasa tazama mlima wetu. Ashira kule Marangu, Machame, Kibosho, Weruweru: shule za wasichana zimejaa kuliko migomba. Vipaji vipo, nimeviona kwenye mahafali. Binti anaigiza mama mkwe mpaka mgeni rasmi anasahau hotuba yake. Halafu? Anapewa soda na makofi, anarudi kukariri kemia. Mzazi wa Kichaga naye anauliza, "Uigizaji unalipa shilingi ngapi?" Swali zuri tu, ila hakuna wa kumjibu, maana mjini hajaona mtu akiifanya hiyo kazi.

Anayeng'ang'ania anapanda basi kwenda Dar. Jacqueline Wolper ni mzaliwa wa Moshi, lakini tumemjua kwa filamu za Dar. Na huko Dar kwenyewe, marehemu Kanumba alipitia Kaole, kikundi, kabla hatujamjua kwenye filamu. Binti wa miaka 14 hawezi kupanda basi hilo peke yake, na wala asipande.

Wazee wetu waliunda KNCU mwaka 1933 ili kahawa isiuzwe kiholela. Sisi tumeshindwa kikundi kimoja cha maigizo? Kumbi za shule zipo, Jumamosi nyingi zimefungwa kufuli. Walimu wa Kiswahili wapo. Jumamosi moja kwa mwezi, mchezo mmoja, tiketi buku mbili. Mimi nalipa kesho.