Akiba ya vakansi isile minervali ya Septemba

Noeli imepita, Bonane imepita, na katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi mwezi wa Januari umeingia na madeni yake. Nguo mpya zimeshavaliwa, kuku wameliwa, na mwenye duka anangoja alipwe. Ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuzungumza juu ya mwezi wa saba. Imebaki miezi sita kabla ya shule kufungwa. Mzazi anayengoja mpaka watoto walete buletini nyumbani ndipo aanze kutafuta pesa ya kuwatembeza, atakopa. Na hapa Lubumbashi deni la Julai linalipwa na mwezi wa Septemba, maana yake linalipwa na minervali.

Hapo ndipo shida ilipo. Shule zinafungwa mwanzo wa Julai na kufunguliwa juma la kwanza la Septemba. Kati ya hapo kuna miezi miwili tu, na pesa inayotoka katika mwezi wa kwanza ni ile ile iliyokuwa ingojwe mwezi wa tatu. Ni kweli, tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi. Lakini daftari, viatu, sare na mfuko wa shule vinalipiwa, sekondari inalipiwa, na shule za watu binafsi zinalipiwa sana. Kila mwaka kunakuwa na watoto waliocheka Julai na ambao Oktoba wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la shule.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuacha kabisa habari ya matembezi, kwamba mambo hayo ni ya watu wa Golf na ya wenye kazi katika kampuni za migodi. Maneno hayo hayafai. Yanasahau hata historia ya mji huu.

Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na Gécamines iliyoirithi, hazikuwapa wafanyakazi mshahara peke yake. Kulikuwa na mposho, hospitali, shule za kambi, viwanja vya mpira, mahali pa kuonyesha sinema, mahali pa kuchezea watoto. Mzee wa kambi hakuhitaji kuweka akiba ili mtoto wake acheze, kampuni ilishamfikiria. Watu walikuwa wakisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alipoandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, kilichotoka 2001, alichagua jina linalosema wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, 2003, Gécamines iliwaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango uliosimamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Watoto wa wazee hao ndio wazazi wa leo. Walilelewa ndani ya nyumba ambamo furaha ya watoto ililetwa na mwingine, na sasa huyo mwingine hayupo. Kuweka akiba kwa ajili ya kucheza ni ufundi ambao hakuna aliyewafundisha.

Na wale waliojaribu kuweka, waliadhibiwa. Mwaka 1991 Bindo Promotion na wenzake waliahidi kuzalisha pesa za watu haraka, wakaanguka na akiba za watu. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: mwenye zaire 3,000,000 za zamani akapewa moja. Juni 1998 ikaja franka, na zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Kwa hiyo mama wa soko la Mzee Kabila akisema pesa ikikaa inaoza, hasemi hivyo kwa ujinga. Anakumbuka.

Tangu siku hizo watu wamejitengenezea njia zao, na kila njia ina ubaya wake. Ya kwanza ni karti. Mtu anapita sokoni kila siku, anachukua kiasi kile kile, anaweka alama katika kisanduku cha siku, na mwisho wa mwezi anarudisha pesa zote isipokuwa ya siku moja, ambayo ndiyo mshahara wake. Kwa muuzaji wa mboga au wa makala hii ni njia nzuri, kwa sababu pesa inatoka mkononi kabla ya jioni, kabla unga haujaiita. Ubaya wake unajulikana: mtu wa karti akihama usiku, hakuna mlango wa kubisha. Anayechagua njia hii achukue pesa yake kila mwisho wa mwezi na kuihamisha mahali pengine. Asimwachie miezi sita.

Njia ya pili ni likelemba, ambapo watu kumi wanachanga na kila mwezi mmoja anabeba. Watu wengi wanaipenda, lakini kwa vakansi ina kasoro moja kubwa. Ni mmoja au wawili tu watakaobeba mwezi wa sita. Aliyebeba Februari ana pesa ya Julai mkononi tangu Februari, na kila mtu anajua itakavyokuwa.

Njia ya tatu, ambayo kina mama wengi wa Kivu wanaijua na ambayo Katanga ingefaa kuichukua kwa nguvu zaidi, ni ile ya kikundi cha sanduku, kinachoitwa AVEC. Ilianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Watu kati ya 15 na 25 wanaojuana wanakutana kila juma, kila mmoja ananunua sehemu moja mpaka tano kwa bei waliyopatana, na pesa inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu, na mwenye kulaza sanduku nyumbani hana hata mmoja. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa mbele ya wote na kila mtu anabeba kulingana na sehemu zake, pamoja na faida ya mikopo.

Vikundi vingi vinafungua sanduku Desemba. Ndiyo sababu pesa inaishia katika nguo za Noeli na bia ya Bonane. Hakuna sheria inayolazimisha Desemba. Kikundi kinaweza kupatana mzunguko mfupi, kuanzia Januari mpaka mwisho wa Juni, na kusimamisha mikopo tangu Mei ili kila deni lirudi kabla ya siku ya kufungua. Lakini kitu cha lazima ni hiki: masanduku yawe mawili, au daftari mbili ndani ya sanduku moja. La vakansi lifunguliwe mwisho wa Juni. La shule lisiguswe mpaka juma la mwisho la Agosti. Na katika nyumba, likijazwa moja tu, lijazwe la shule. Mei ikifika na pesa ya shule bado haijafika nusu, matembezi yapunguzwe siku hiyo hiyo, si Julai watoto wakiwa tayari wamevaa.

Jambo ambalo wazazi wanalisahau katika hesabu ni kilio. Hakuna miezi sita inayopita bila msiba katika ukoo, na hakuna atakayesema sina wakati watu wote wanajua alikuwa na sanduku. Kukataa ni aibu, kutoa yote ni kuwanyima watoto. Vikundi vya AVEC vina kamfuko kadogo ka msaada, kanakochangiwa pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Familia nayo iwe na ka kwake. Mtu akienda kwenye kilio na mchango uliotoka katika mfuko wa vilio, anaenda na heshima yake na watoto hawamlipii.

Halafu kuna swali la franka au dola. Mwisho wa 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930, mwisho wa 2017 karibu 1,600, na mwaka 2024 ikapita 2,800. Mtu aliyeweka franka katika miaka hiyo aliona akiba yake ikiyeyuka. Lakini mwishoni mwa 2025 mambo yaligeuka, dola ikashuka chini ya 2,500, na waliokimbilia dola ndio waliolia. Kwa miezi sita, jibu la busara ni kuweka akiba katika pesa ile ile itakayolipwa. Kama basi na chakula vitalipwa kwa franka, wekeni franka. Na anayeweka dola nyumbani ajue kwamba noti iliyopasuka kidogo pembeni, hapa mjini, inakataliwa kama karatasi. Pesa ya simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, haipasuki, lakini kutoa kwenye kabine kunakatwa. Afadhali kutoa mara moja kuliko kutoa mara kumi.

Je, akiba hiyo itampeleka mtu wapi? Tuseme nyumba inaweka franka 1,000 kila siku kwa mtu wa karti, toka Januari mosi mpaka Juni 30. Hizo ni siku 181. Ukitoa siku moja ya kila mwezi inabaki 175,000. Kwa franka 2,300, ni dola 76. Paspoti ya Kongo ilikuwa dola 185 tangu 2015, ikashuka mpaka 99 mwaka 2020, na 2025 serikali ikatangaza 75. Kwa hiyo miezi sita ya kujinyima inatosha paspoti ya mtu mmoja, bila safari.

Hesabu hiyo inauma, lakini ni afadhali kuijua Januari. Picha zinazopita katika WhatsApp za watoto wa wenzetu kule Gold Reef City, Johannesburg, kwenye bustani ya michezo iliyojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, zinawatia wazazi wengi wazimu. (Mji wenye bomba refu la moshi na mlima wa mabaki ya shaba kama wetu ungeweza kujiuliza kwa nini wao wameweza kuugeuza mgodi kuwa mchezo.) Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kule Livingstone yanataka kuvuka Kasumbalesa na kukata Zambia yote. Nsele ya Kinshasa, iliyofunguliwa 2018, iko katika nchi yetu lakini zaidi ya kilomita 1,500, nayo inataka ndege.

Franka 175,000 zina kazi nyingine ya kufanya. Zoo iko hapa hapa mjini, na humo kituo cha J.A.C.K. kimekuwa kikiwalea tangu 2006 sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Likasi iko kilomita 120 kwa barabara ya lami, na mtoto aliyekaa juma zima kwa nkambo, akaona kwingine na kusikia hadithi za kambi, amefanya vakansi kamili. Kwa wenye nguvu zaidi, wakijiunga familia nne au tano na kukodi gari, maporomoko ya Lofoi katika mbuga ya Kundelungu, yenye kimo cha zaidi ya mita 300, ni kitu ambacho watoto wengi wa Katanga wanakijua kwa kitabu cha jiografia tu. Julai ni kiangazi, ndio wakati njia ya vumbi inapitika.

Watoto nao waambiwe kiasi. Mtoto wa miaka kumi anayejua kwamba sanduku lina franka 90,000 na kwamba soda ya leo inatoka humo, anaanza kulinda sanduku kuliko baba yake. Anayefichwa ndiye anayelia.

Wenye mahali pa matembezi nao wana deni lao katika jambo hili. Familia haiwezi kupanga bei ya sehemu moja ya sanduku bila kujua mlango utagharimu kiasi gani. Zoo, mashamba ya mapumziko ya pembeni mwa mji na wasimamizi wa mbuga wangetangaza kabla ya mwisho wa Machi bei za Julai na Agosti, kwa franka, bei ya mtoto na ya mtu mzima, pamoja na ile ya kamera na ya maegesho ambayo watu huzikuta mlangoni. Waweke pia bei ya kikundi, maana watu 20 wa sanduku moja wakifika na watoto wao ni basi zima. Na manispaa, inayotoza kodi mahali hapo, inaweza kudai bango hilo liwe limesimama mlangoni kabla ya Pasaka.