Barua za Ken Saro-Wiwa: Ushahidi Tu, au Matini?

Mwaka 2011 Sista Majella McCarron, mtawa wa Ireland aliyefanya kazi Nigeria kwa miaka mingi, alikikabidhi Chuo Kikuu cha Maynooth barua 28 na mashairi 27 ya Ken Saro-Wiwa. Sehemu kubwa ya barua hizo iliandikwa kizuizini na kutoroshwa ndani ya vikapu vya chakula. Mwandishi wake, aliyewatetea Waogoni dhidi ya uchafuzi wa ardhi na mito uliosababishwa na uchimbaji wa mafuta, alinyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995 pamoja na wenzake wanane.

Ni rahisi kuzisoma nyaraka hizi, zilizochapishwa mwaka 2013 kwa jina la Silence Would Be Treason, kama ushahidi wa kisiasa tu. Kwa maoni yetu usomaji huo ni pungufu. Saro-Wiwa ndiye mtunzi wa Sozaboy (1985), riwaya ambayo yeye mwenyewe aliieleza kuwa ya Kiingereza kilichooza, na ambamo pijini ya Nigeria inachanganyika na Kiingereza kilichovunjwa kwa makusudi. Mtu huyo huyo, kitanzi kikimkaribia, aliandika barua zake kwa Kiingereza sanifu. Jibu jepesi ni kwamba mpokeaji alikuwa Mwairishi. Lakini Sista McCarron alikuwa pia akiwapigania Waogoni huko Ireland. Hivyo nyuma ya msomaji mmoja walikuwapo wasomaji wengi wasiotajwa, na uteuzi wa lugha hauna budi kuchunguzwa kwa kuwazingatia hao pia. Kikhana, lugha yake ya kwanza, kisingeweza kumfikisha kwao. Hili ni suala la isimujamii kabla halijawa la wasifu.

Wapo watakaolalamika kwamba nyaraka za Mwafrika zimehifadhiwa Ulaya. Malalamiko ya aina hiyo mara nyingi yana haki, ila hapa yamekosa shabaha: barua hizi zimesalia kwa sababu aliyeandikiwa hakuzitupa. (Ni wangapi kati yetu tuliohifadhi barua tulizoandikiwa na watunzi?) Katika idara za Kiswahili tumezoea kuihakiki riwaya iliyokwisha chapwa, na kuwaachia warithi makaratasi ya mtunzi, wasijue kama ni mali au takataka. Tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayemtafiti mtunzi aliye hai amwombe, pamoja na mahojiano, orodha ya miswada na barua alizonazo, na idara iihifadhi orodha hiyo hata kama makaratasi yenyewe yatabaki nyumbani kwa mwenyewe.